Mabote, Shaba na Robine ya Kazadi

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi wa kumi

Leo nimekamata nyumba ya kulinda! Nyumba ya mudogo yangu Mukuna, hapa Dilala, Kolwezi. Nyumba ya zamani ya kompani ya shaba, ukuta munene, kuran ya umeme ndani, mayi ndani. Mi na bibi yangu Mujinga tunakaa Manika. Kwetu mayi inatokaka siku yenye inapenda. Hapa unafungua tu. Nimefungua mara mingi, juu ya furaha.

Mukuna na bibi yake Henriette balienda Sandoa kuleta mama ya Henriette, mama Kalumba. Batarudi siku ya tano. Na kesho yake, siku ya posho, bakwe, jamaa ya bwana-arusi, banakuya kutoa mali ya ndoa ya binti yao Naomie.

Mama Kalumba njo mama-mukwe ya Mukuna. Na kila mutu mwenye alilelewa anajua: mwanaume hawezi kuoga mu dushi moya na mama-mukwe yake. Hawezi hata kusikia mayi yake ikianguka. Ile ni haya, na haya inalipwa na mbuzi. Juu ya ile Mukuna iko na dushi mbili. Ya ndani ni ya mama-mukwe. Ya inje, ku lupangu, ule uwanja ya nyumba, ni ya banaume. Lakini robine ya inje, kichwa ya kufungulia mayi, inadondoka. Ti, ti, ti. Mukuna alisema ati plombye Muamba, fundi ya mayi, atakuya siku ya tatu na robine mupya. Mi nisiguse kitu. Alirudilia: yaya, mukubwa yangu, usiguse kitu. Mbele ya bibi yangu! Mutoto mwenye nilimubeba ku mugongo!

Sikukasirika. Juu Mukuna alisema na neno ingine. Kama anakuta nyumba yake muzima, mi njo nitasema siku ya posho. Mi Muteba, mukubwa ya jamaa! Nitasimama mbele ya bakwe, nitabishana nabo mbuzi kwa mbuzi, na kiisha nitakula firigisi ya kuku. Firigisi anaikulaka musemaji tu. Naingojea hii firigisi tangu Naomie alianza kutembea.

Na kama nyumba haiko muzima? Atasema Kazadi.

Kazadi njo jirani. Zamani kompani ilijengaka nyumba mbili-mbili, bega kwa bega: ukuta moya, tiyo moya ya kupitisha mayi, waya moya ya kuran yenye inagawanyika. Kazadi anakaa nusu ingine. Iko ndugu ya ukoo yetu, iko mukubwa ya kikundi ya maombi, na anasemaka polepole kama mutu mwenye anakuhurumia. Alinisalimia pa baraza. Aliniuliza ati, tata Muteba, umekuya kulinda nyumba, ao nyumba njo itakulinda? Bibi yake Bilonda alicheka mupaka akashika mulango.

Bajue neno moya. Mi nilifanya kazi na ba-elektrisye, mafundi ba kuran ba kompani, mupaka kichwa ikakuwa mweupe. Mi njo nilikuwa nashika ngazi. Elektrisye anaona tu waya yenye iko mbele ya pua yake. Mwenye kushika ngazi anaona elektrisye, anaona waya, anaona na hatari yote, tena kutoka chini. Pa ngazi yangu hakuna mutu alianguka. Ao alianguka moya, lakini ule alikuwa analewa.

Mangaribi ampule, ile taa ya salon, ilianza kufunga na kufungua macho. Mi sikugusa. Niliangalia tu. Niliangalia sana.

Siku ya pili, tarehe 7

Kuran imekatika! Upande yetu tu. Kwa Kazadi iko. Nasikia radio yake inaimba nyuma ya ukuta.

Nilikuwa nimefanya nini? Kitu hapana. Nilikuwa napiga koti yangu ya siku ya posho fer, ile pasi ya kuran. Nilikuwa nachemsha mayi mu ndoo na ile chuma ya kuchemusha. Na jiko ya kuran ilikuwa inapika madesu, maharagi. Na frigo, ile iko ya Henriette, mi simo. Mutu hawezi kupiga fer kama madesu iko pa moto?

Nilikuwa na mabote ku miguu. Mabote yangu ya mpira, viatu ya kazi ya mine kwenye banachimba shaba, mi siivulake. Mujinga anasema ati nalalaka nayo. Bongo, uongo tu! Ku kitanda natoa moya.

Nilifungua tablo, sanduku ya kuran pa ukuta. Ndani kuko fizible, ile fyuzi ya zamani, ya udongo mweupe kama sahani, na kati yake waya moya mudogo kama unywele ya mutoto muchanga. Imekatika. Hata! Kazadi alichungulia juu ya majani yenye inafunga lupangu, akanishauria niende ku soko kutafuta waya ingine ya namna ile ile, mudogo. Nilimujibu: tata, tuko Kolwezi! Milima inachimbwa juu ya shaba, barabara inapasuka juu ya makamio ya kubeba shaba, hata ku kinywa ya mutu kuko shaba, na mi nitaenda kulilia unywele ku soko? Mu sanduku ya Mukuna nilikuta waya ya shaba munene kama kidole yangu ya mwisho. Nilikata kipande, nikaikaza mule. Ile haitakatika hata malaika akipiga tarumbeta.

Kuran ilirudi. Ampule ilikuwa kama ku kanisa kubwa siku ya Noeli! Haifunge tena macho. Inakodoa.

Nilipofunga tablo, waya moya ilibakia. Rangi ya manjano na ya majani. Haina shida: mu kila kazi kubwa kunabakiaka kitu. Nilikaa pa kiti, nikafikiri. Ba-elektrisye ba kompani, kule juu ya ngazi, balikuwa banapiga kelele gani? Tere! Tere! Tere ni udongo. Na kitu gani ya nyumba inaingia mu udongo? Tiyo ya mayi. Chuma safi, nene, ya zamani. Nilifunga waya pa tiyo, nikazungusha vizuri kama kitambaa pa kichwa ya bibi-arusi. Kichwa yake ingine niliingiza mu tablo, pa kashimo kenye kalikuwa wazi. Kashimo kakiwa wazi ni kusema kunakosa kitu.

Kila kitu inawaka. Ukuta karibu na tablo inanukia kama karanga ya kukaanga. Ile ni harufu ya nguvu.

Siku ya tatu, tarehe 8

Muamba plombye alikuya asubui na moto yake, ile pikipiki, viatu ya mpira ku miguu, fuko ku bega, robine mupya inangaa mu mukono. Akasema Mukuna njo amemutuma. Nilimuambia mu nyumba hii muko mwanaume. Aliangalia mabote yangu. Aliniuliza kama natoka kuchimba. Nilimuambia aende kabla sijamufundisha kazi. Akapandisha mabega, akageuza moto.

Hakufika hata ku barabara. Kazadi alimuita! Alimupeleka kwake, na robine ya Mukuna, ile mupya, ikaingia mu dushi ya Kazadi. Kiisha Muamba akaenda zake. Nilikasirika. Lakini sikuweza kusema, juu mi njo nilimufukuza.

Sasa musikie. Saa ya kuoga, nyuma ya ukuta, Kazadi alipiga kelele: Haleluya! Kubwa! Tena moya: Haleluya! Akatoka mu lupangu na taulo tu, nywele imesimama, macho kama ya samaki. Akasema ati alishika robine, na nguvu ikamushukia ku mukono mupaka ku meno. Roho Mutakatifu mwenyewe!

Bilonda hakuamini. Alimuambia wache bupumbavu yako, vaa suruali. Akaenda kushika robine. Mama yo! Alitoka mule anaruka, anasema amina na lugha yenye hatujui.

Mbele ya saa sita bamama ba maombi bote ba Dilala balikuwa mu lupangu ya Kazadi, mustari murefu mupaka pa barabara. Moya anaingia, anashika, analia, anatoka anacheka na machozi. Mama moya alisema bega yake yenye ilikuwa inauma imepona. Ingine alisema ameona marehemu baba yake, na baba amemuomba munkoyo, kinywaji ya mahindi.

Nilienda na mi kuona. Juu ya kulinda nyumba lazima ujue jirani anafanya nini. Niliingia na mabote yangu, nikashika ile robine na mikono mbili. Kitu hapana! Nikakaza. Hapana! Balianza kunitazama na huruma. Mama moya alisema polepole ati roho ya tata Muteba imefungwa. Kazadi aliweka mukono yake pa bega yangu, akaniambia nisife moyo, hata mwizi ku musalaba alipokelewa.

Mi! Mwizi!

Siku ya ine, tarehe 9

Mujinga alikuya na bukari, ile ugali, na samaki. Bibi yangu anatembeaka miguu wazi mu nyumba ya batu, ni heshima yake. Akaenda kunawa mikono pa robine ya jiko. Bukari iliruka ikashika ukuta. Samaki sijaiona mupaka sasa.

Mujinga hakusema amina. Alisema jina yangu, yote, na ya baba yangu. Kiisha macho yake ikafuata tiyo. Ikatoka jiko, ikapita salon, ikafika pa waya yangu, ikapanda mupaka tablo. Akasema ati sasa anajua Roho Mutakatifu ya Kazadi inatoka wapi. Niondoe ile kitu mara moya, niombe Muamba musamaha, arudi kabla Mukuna hajarudi.

Kuondoa? Waya haina kosa! Mi nakaa nayo vizuri, na mabote. Kosa iko ya batu benye banatembea miguu wazi.

Lakini nilifikiri mingi leo. Nimefungwa pande mbili. Nikisema nguvu ni yangu, Mukuna atasikia nimegusa. Nikinyamaza, utukufu yote inaenda kwa Kazadi. Na imeanza kwenda! Naomie mwenyewe alipita hapa kunisalimia, mutoto muzuri, alipiga magoti. Kiisha akaniambia na haya kidogo ati tata mukubwa, batu ba jamaa banasema bakwe bataogopa sana kama Kazadi njo anasema, juu iko mutu ya nguvu. Mama yake, ye Henriette mwenyewe, amesikia ku telefone, amependa.

Firigisi yangu inaota mabawa!

Kwa hiyo nikapata akili. Nguvu inapita mu mayi. Kazadi akikosa mayi, atakosa nguvu. Bila nguvu iko Kazadi tu. Mu lupangu ya Mukuna, chini ya kifuniko ya chuma, kuko vani, ile ya kufunga na kufungua mayi ya nyumba zote mbili. Kompani iliiweka upande moya juu ya kupunguza kazi. Gurudumu mbili: ya kushoto, ya kuume. Nilichagua ya Kazadi. Ya kuume, juu nyumba yake iko kuume kama umesimama unaangalia barabara. Mi nilikuwa nimeinama naangalia nyumba.

Ilikuwa imekula kutu. Nilisukuma na mikono. Hapana. Nilitia chuma murefu, nikapanda juu yake na mabote. Krak! Gurudumu ikabakia mu mukono yangu, kama biskuti.

Kwetu mayi ikakauka. Yote. Jiko, dushi ya ndani, dushi ya inje. Kwa Kazadi ikapanda kama chemchemi, mayi ya nyumba mbili mu robine moya! Nasikia inapiga filimbi. Bamama ba maombi banasema nguvu imeongezeka mara mbili, na banaimba.

Lakini naandika na hii, juu ya ukweli: robine ya inje haidondoke tena. Muamba angepoteza siku muzima. Mi nimeitengeneza bila kuigusa.

Siku ya tano, tarehe 10

Siku ya haya. Naandika nimekaa chini, ku Manika, juu kiti hakuna mutu alinipa.

Asubui frigo ya Henriette ilikohoa mara moya, ikanyamaza. Kiisha ampule yote. Ukuta pa tablo ilikuwa mweusi kama sufuria ya matanga. Nilifungua. Shaba yangu? Muzima kabisa! Inangaa! Bingine byote njo bilishindwa.

Nilijiambia: Mukuna atafika mangaribi, alisema hivyo ku telefone. Mi nitaoga, nitavaa koti, nitamupokea pa mulango na maneno. Mutu mwenye koti anasikilizwa. Mayi nilienda kuteka kwa Kazadi, ndoo moya, na aliniuliza kama roho yangu imeanza kufunguka. Nilibeba ndoo yangu.

Dushi ya inje haina kivuli, na bamama ba maombi banachungulia. Nikaingia ile ya ndani. Ndiyo, ya mama-mukwe. Lakini mama-mukwe alikuwa mu barabara ya Sandoa, na dushi haiandike jina ya mutu.

Nilivua mabote. Yote mbili, mara ya kwanza tangu siku ya kwanza. Nikajipaka sabuni kila pahali, na mu macho, na mu masikio, mutu akiwa safi awe safi. Nikatafuta ndoo na muguu. Ndoo ikaanguka. Mayi yote chini! Macho inawaka kama pilipili. Nikasema labda mayi imerudi ku tiyo, Mungu iko na huruma. Nikanyoosha mukono, nikashika robine.

Nyumba muzima haikuwa na kuran. Waya yangu peke yake ilikuwa nayo.

Sikusema haleluya. Nilisema neno ya mine yenye siwezi kuandika. Nilijikuta mu salon, sijui namna gani. Sioni kitu. Nilivuta rido, pazia ya dirisha, nikajifunga nayo, nikatoka mbio kwenda ku robine ya Kazadi.

Mu lupangu kulikuwa taksi. Balipata mutu wa kubaleta mbio, bakafika mapema. Mukuna alikuwa anashusha mizigo. Henriette alikuwa anashikilia mama yake. Mama Kalumba alikuwa ameweka muguu moya chini.

Rido ilishikwa ku musumari ya mulango. Ilibakia kule. Mi niliendelea.

Mama-mukwe ya mudogo yangu ni mama-mukwe yangu. Tena mi mukubwa! Nilikuwa simuoni, mi, juu ya sabuni. Ye aliniona. Alijifunika kichwa na kitambaa akalia, akaita marehemu bake bote na majina, mupaka bamama ba maombi bakavuka majani bakuye kumusaidia kulia.

Mukuna aliingia mu nyumba. Nilimusikia anafungua robine: hapana. Anapiga suishi ya taa: tek. Ingine: tek. Robine: hapana. Tek. Kila tek ilinipiga kuliko ile waya.

Balimuita Muamba. Alikata kuran kwanza ku barabara, akaondoa waya yangu pa tiyo, akaitundika pa musumari ya ukuta ya inje. Aliuliza nani alifunga hii kitu. Bote baliangalia chini. Nilikuwa nimevaa mabote tena.

Muamba alieleza Kazadi ati ile nguvu ya robine ilikuwa kuran tu. Mi nikafikiri: sasa njo ataanguka na ye! Hata! Kazadi alijibu polepole ati Mungu alisema na Musa mu kichaka yenye kuwaka, juu ya nini asiseme na Kazadi mu tiyo? Bamama bakasema amina. Muamba akakuna kichwa.

Kiisha jamaa ikakaa. Neno lilikuwa fupi. Mi niko na deni ya mama Kalumba, mbuzi ya haya. Mupaka mbuzi ifike, siwezi kusimama mbele ya bakwe. Kazadi njo atasema. Na juu kwa Mukuna hakuna mayi wala kuran, dote, ile kutoa mali ya ndoa, itafanyika mu lupangu ya Kazadi. Nilisema ati basi mi naleta mbuzi mangaribi hii! Mujinga alisema ati mbuzi gani? Kuko moya tu, ni ya kuchinja Noeli.

Siku ya posho, tarehe 11

Balinikalisha nyuma, kati ya masufuria na sono. Sono, ile mashini ya sauti na mikro yake, Kazadi aliikopa ku maombi. Mu baraza na mu lupangu kulijaa batu. Naomie alivaa kitambaa ya bluu, alingaa kama robine mupya. Bakwe balifika na mbuzi, na bitambaa, na kiburi. Mama Kalumba alikaa ameniachia mugongo.

Kazadi alisema vizuri. Naandika hivyo juu mi si mutu ya wivu. Alisema murefu mupaka mbuzi ikalala. Lakini kubishana hajui! Bakwe baliruka mbuzi moya: ile ya nyanya ya Naomie, mama Kalumba. Musemaji yabo, mutu ya shingo munene, alisema ati mbuzi ya nyanya italetwa siku ingine. Siku gani? Siku ingine. Kazadi alimuonea huruma, akamuachia. Mi ningemuuliza siku ya juma, mwezi, na jina ya mbuzi! Mama Kalumba akaanza kukunja bitambaa yake kama mutu mwenye anarudi Sandoa. Na bila baraka ya nyanya hakuna ndoa. Naomie akainamisha kichwa. Niliona machozi moya inaanguka pa kitambaa ya bluu. Na mi njo nilimununulia kiatu ya kwanza!

Balisema chakula ipite kwanza, moyo ya batu ipoe. Bilonda alileta sahani, na pa sahani firigisi. Firigisi yangu! Inangaa na mafuta. Kazadi aliipokea na mukono ya kushoto. Balimuomba abariki chakula. Sono ikaanza kunguruma: nguuu, nguuu. Batu bakaziba masikio.

Nani alikuwa karibu na sono? Mi. Nani alijua kazi? Mi. Na pa ukuta, pa musumari ya Mukuna, ni hatua mbili tu, kulikuwa waya yangu ya manjano na ya majani. Nzima! Mu Kolwezi mutu anatundika shaba hivi hivi? Niliifunga ku sono upande moya. Upande ingine niliingiza ku prise ya kuran pa ukuta, pa kashimo. Kashimo wazi ni kusema kunakosa kitu.

Sono ikanyamaza kabisa. Kazi safi. Batu balinipigia makofi! Hata Mukuna aligeuka, na uso yake ikabadilika, akafungua kinywa.

Lakini Kazadi, kwa heshima ya maombi, alikuwa amevua viatu. Na Bilonda alikuwa amemwaga mayi juu ya vumbi. Kazadi akakamata mikro na mukono ya kuume.

Nimeona batu banaruka mu maisha yangu. Mule chini ya mine, siku udongo ya mine ilitikisika. Sijaona mutu anaruka bila kukunja magoti. Kazadi alipanda, akasema neno moya mu mikro, kubwa kama radi, neno ya lugha yenye hakuna mutu anajua, akaanguka nyuma mu mikono ya bamama ba maombi. Mikro ikatoka moshi.

Musemaji ya bakwe alisimama. Shingo yake munene ilikuwa inatetemeka. Alisema ati Mungu amekasirika juu ya ile mbuzi ya nyanya, na bao si batu ba kubishana na Mungu. Akatuma mutu mbio ku soko ya Manika na moto. Mbuzi ilifika kabla bukari haijapoa. Mukubwa, na pembe! Mama Kalumba akafungua tena bitambaa yake. Akamushika Naomie kichwa, akamubariki. Bamama bakapiga bigelegele, na Naomie akalia tena, lakini sasa ile ya kucheka.

Na firigisi? Kazadi alipopanda, sahani ilipanda kuliko ye. Mi niliifuata na macho. Ilizunguka mu hewa, ikashuka kati ya masufuria, karibu na bote yangu ya kushoto. Kuku moya iliikimbilia. Niliishinda.

Niliipanguza. Niliila. Polepole, nimesimama. Kidogo muchanga, lakini firigisi ni firigisi.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Nimefanya hesabu ya mambo yote, na nimeshinda.

Nani alimaliza kubishana? Mi. Nani aliletea mama Kalumba mbuzi? Mi. Kwa hiyo nilimutumia neno kupitia Henriette, juu mi mwenyewe siwezi kusimama mbele yake: mbuzi ya nyanya iko mbuzi ya haya tayari, tumelipana, tuwe na amani. Jibu ilirudi mbio. Anasema ile ni mbuzi ya Naomie. Yangu anaingojea. Tena alitazama miguu yangu siku ile, na kwa namna ya ile miguu, mbuzi iwe munene.

Mujinga ameenda kufungua mbuzi ya Noeli. Haniambie kitu. Anaiambia mbuzi.

Mukuna alinipigia telefone. Alisema yaya, nakuheshimu, lakini nyumba yangu usiiangalie hata ukiwa mu barabara. Muamba iko kule na ndugu yake, banatoboa ukuta yote. Nilimuambia basi bashike ngazi vizuri. Alikata.

Sasa neno kubwa. Mangaribi, nani alifika hapa Manika, pa mulango yangu, na moto, mukono moya imefungwa kitambaa? Kazadi! Alikaa. Alikunywa munkoyo. Alizunguka maneno mupaka munkoyo ikaisha. Bale bakwe, kumbe, banamuita kwabo Likasi akabariki nyumba yabo yote, juma muzima, ye na Bilonda. Nyumba yake itabakia peke yake. Kiisha akatazama pembeni, akasema ati tangu Muamba aliondoa ile kitu pa tiyo, bamama ba maombi banakuya, banashika robine, na banarudi kwabo bakavu. Mustari umepunguka. Jana mama moya aliuliza kama roho ya Kazadi imefungwa.

Nilimuachia apate taabu kidogo.

Akaweka ufunguo pa meza. Akasema: tata Muteba, linda nyumba. Lakini usiguse kitu. Akasimama, akafika pa mulango, akageuka. Akasema polepole, kama mutu mwenye anakuhurumia: usiguse kitu, ila kama Roho anakutuma.

Mujinga, kutoka inje kwa mbuzi, akapiga kelele ati Muteba, hapana! Rudisha ule ufunguo!

Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeinama chini ya kitanda, natafuta bote ya pili.